Chianti kwa Baiskeli ya Mbio: Tathmini ya Ziara ya Kujiongoza

Ziara za baiskeli katika vilima vya Chianti, kati ya Firenze na Siena nchini Italia, hutangazwa kwa picha za aina moja: safu za mizabibu, njia nyeupe inayopinda katikati ya miberoshi, na kijiji cha mawe kilichokaa kileleni. Picha hizo hazidanganyi, ila hazisemi jambo moja lenye uzito kuliko yote, nalo ni kwamba kijiji kikiwa kileleni, basi kitanda cha usiku, meza ya chakula cha mchana na ghala la mvinyo navyo viko huko huko kileleni. Anayenunua huduma ya namna hii anapaswa kuipima kwa namna inavyoshughulika na vilima hivyo, kuanzia gia za baiskeli hadi saa ya kuonja mvinyo. Nyota za hoteli zinaweza kusubiri.

Ninayoitathmini hapa ni ziara ya kujiongoza. Kampuni hukodisha baiskeli, huweka nafasi za kulala, husafirisha mizigo kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, na hutoa njia za kila siku ambazo mteja huzipakia katika kifaa chake cha GPS. Kuendesha ni juu ya mteja mwenyewe, bila kiongozi na bila gari la kumfuata nyuma. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nia yangu ni msomaji ajue la kuuliza kabla ya kulipa, kokote atakakonunua.

Kwanza niseme juu ya ardhi yenyewe, maana huduma yote inasimama juu yake. Eneo la Chianti Classico, yaani kiini cha kale cha Chianti, lina ukubwa wa hekta 70,000 hivi, na karibu theluthi mbili ya ardhi hiyo ni msitu. Hili huwashangaza wengi waliotarajia kuendesha kutwa nzima katikati ya mizabibu. Kwa kweli unaingia na kutoka: mteremko ndani ya mialoni na kivuli, daraja dogo juu ya kijito, kisha mwinuko unaokutoa juani kwenye mizabibu na mizeituni, na juu kabisa kijiji. Greve iko bondeni, mita 240 hivi juu ya usawa wa bahari. Gaiole iko kwenye mita 360 hivi. Panzano inakaribia mita 500, Radda inazipita, na Castellina inakaribia 580. Hakuna mlima mrefu wa kukukatisha tamaa kama ule wa Alpi. Kuna vilima vya kilomita chache chache vinavyofuatana bila kukupa tambarare ya kupumzikia, kiasi kwamba siku ya kilomita 70 hukusanya kwa urahisi zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Anayejipima kwa umbali peke yake, akasema kilomita 70 ni jambo la asubuhi moja, atafika jioni akiwa na maoni mengine.

Vijiji havikuwekwa juu kwa ajili ya mandhari. Firenze na Siena zilipigania ardhi hii kwa karne kadhaa. Katika vita vya Montaperti, tarehe 4 Septemba 1260, Siena ilishinda, lakini mwishowe Firenze ndiyo iliyobaki na Chianti. Radda, Castellina na Gaiole ziliunganishwa na Firenze katika umoja wa kijeshi na kiutawala ulioitwa Lega del Chianti, ambao nembo yake ilikuwa jogoo mweusi, na Radda na Castellina zilizungushiwa ukuta pale ambapo adui angemfikia mlinzi akiwa amechoka. Mwendesha baiskeli wa leo hupanda kwa njia zilizochaguliwa kwa nia hiyo hiyo ya kumchosha anayepanda, na sioni njia nyingine ya kuielewa historia hiyo kwa haraka zaidi.

Jogoo huyo ana kisa chake ambacho kila mwenye nyumba ya wageni atakusimulia, upende usipende. Inasemekana kwamba miji miwili ilikubaliana kukata mpaka kwa mashindano ya farasi: mpanda farasi mmoja atoke Firenze na mwingine Siena, kila mmoja jogoo wa kwake atakapowika, na mpaka uwe pale watakapokutana. Siena walichagua jogoo mweupe wakamlisha vizuri. Firenze walichagua mweusi, wakamfungia gizani na kumnyima chakula, naye kwa njaa akawika kabla hata alfajiri haijakaribia. Wapanda farasi walikutana Fonterutoli, karibu kabisa na Siena. Ni hekaya, lakini ukiwa juu ya baiskeli inapata vipimo. Kutoka Castellina unateremka muda mfupi tu na Fonterutoli hiyo hapo kando ya barabara, Siena ikiwa tayari inaonekana mbele. Kisha unakumbuka vilima vyote ulivyovipanda kutoka upande wa Firenze, nawe unatambua ukubwa wa ujanja ule.

Sasa baiskeli. Iliyoletwa ilipendeza macho: fremu ya kaboni, breki za diski za mafuta, magurudumu mepesi, na kiti kilichokuwa kimerekebishwa kwa kipimo nilichotuma mapema. Kasoro ilikuwa nyuma, kwenye gia. Fomu ya kuagizia ilisema gia kubwa kuliko zote ya nyuma ingekuwa na meno 34. Iliyofungwa ilikuwa na meno 28. Kwa asiyezoea hesabu hizi tofauti inaonekana ndogo, kwa hiyo naona ni vyema kuieleza kikamilifu.

Ukiwa na meno 34 mbele, kwenye gia ya pedali, na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara moja, na kukusogeza mita 2.1 hivi. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mtu aliyekwisha kuchoka kidogo lakini bado ana mpangilio, unapanda kwa kilomita 7.6 kwa saa. Ukiwa na meno 28 nyuma, mizunguko ile ile inakulazimisha kwenda kilomita 9.2 kwa saa. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 84 kwenye mwinuko wa asilimia 10: kuinua uzito huo kwa kasi ya kwanza kunahitaji wati 173 hivi, na kwa kasi ya pili wati 210, kabla hujahesabu upinzani wa matairi na hewa. Wapo wengi wanaoweza kutoa wati 170 na kitu, wakafika kijijini wakiwa bado na hamu ya kutazama mlango wa kanisa. Wanaoweza kutoa 210 na zaidi, mwinuko baada ya mwinuko, siku baada ya siku, ni wachache. Waliobaki watapunguza mizunguko hadi 45 au 50, watasimama juu ya pedali, na magoti yatalipa gharama. Ziara nzima inaweza kuharibika kwa sababu ya gurudumu moja la meno lenye bei ndogo.

Kwa haki ya kampuni, nilipopiga simu hawakubishana. Fundi alikuja jioni na seti ya gia sahihi pamoja na mnyororo wa urefu unaofaa, akavibadilisha uani mwa nyumba ya wageni, akajaribu kila gia, wala sikutozwa chochote. Fundi mwenyewe nampa alama zote. Lakini huduma inayouza vilima inapaswa kujua kabla ya mteja kufika kwamba meno 28 hayatoshi, na ushauri wangu ni kuomba picha ya gia kwa barua pepe kabla ya kulipa salio. Pedali pia ulizia mapema. Kwa kawaida mtu huja na zake au hupewa za kawaida zisizoshika kiatu, na jambo hilo lisikushangaze asubuhi ya kuondoka.

Upande wa matairi lawama yangu ni nzito zaidi. Baiskeli ilikuwa na matairi ya milimita 25, yanayofaa kabisa kwa lami, huku njia walizotupa zikipita katika sehemu kadhaa kwenye barabara nyeupe za changarawe bila onyo lolote, si katika kijitabu cha maelezo wala katika faili za njia. Kwenye skrini ya GPS barabara nyeupe na barabara ya lami ni mstari ule ule. Changarawe ikiwa kavu na imeshindiliwa, milimita 25 hupita kwa tahadhari ukipunguza upepo. Lakini penye mteremko magari huacha mikunjo kama ya bati, mawe madogo hukusanyika kwenye kona, na gurudumu la mbele jembamba huanza kujiamulia njia. Nilipata pancha, kama ilivyotarajiwa, na mfuko wa vifaa ulikuwa na mpira wa ndani, vijiti vya kutolea tairi na pampu ndogo inayofanya kazi, kwa hiyo haikuwa balaa. Hata hivyo baiskeli ile ile ina nafasi ya matairi ya milimita 32, na kwa kuwa njia wamezichora wao wenyewe, hakuna sababu ya kutoyafunga.

Nasema hivyo kwa sababu barabara nyeupe ndizo zilizolipa eneo hili heshima miongoni mwa waendesha baiskeli, na kuziepuka ni hasara. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci alianzisha huko Gaiole msafara wa L'Eroica, waendeshaji 92 wakashiriki mwaka ule wa kwanza, na lengo mojawapo lilikuwa kuzilinda barabara hizo zisimezwe na lami. Msafara huo hufanyika mwanzoni mwa Oktoba, na baiskeli zinazokubaliwa ni za mbio zilizotengenezwa kabla ya 1987: vidhibiti vya gia viko kwenye fremu, nyaya za breki zinaonekana nje juu ya usukani, na pedali zina vizimba na mikanda. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, yakazaliwa mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa ambayo leo yanaitwa Strade Bianche, yaani "barabara nyeupe". Tangu 2008 hufanyika Machi na kuishia Siena, na tangu 2015 yana mashindano ya wanawake pia. Fabian Cancellara wa Uswisi aliyashinda mara tatu, na sehemu moja ya changarawe imepewa jina lake.

Kilicho muhimu kwa mteja ni kwamba njia ya kudumu ya L'Eroica, yenye urefu wa kilomita 209, imewekewa vibao na inaweza kuendeshwa wakati wowote wa mwaka, kwa baiskeli yoyote, bila kujiandikisha. Vibao hivyo ni bora kuliko faili nilizopewa. Viko penye njia panda, havikutumi kwenye lango la shamba la mtu, na ukikosea utagundua mapema. Sehemu ya kutoka Gaiole kuelekea ngome ya Brolio, ambako barabara nyeupe hupanda kati ya miberoshi, ningeiweka mbele ya barabara yoyote ya lami katika eneo zima. Siku ya msafara wenyewe njia hiyo huangazwa kwa mishumaa, maana wanaokwenda umbali mrefu huipita kabla ya jua kuchomoza. Mtu mwenye ujasiri, baiskeli yake mwenyewe na mizigo michache anaweza kuifuata njia hiyo kwa siku mbili au tatu bila kampuni yoyote, akiweka nafasi za kulala yeye mwenyewe. Hilo ni swali ambalo mteja anapaswa kujiuliza kwa uaminifu kabla ya kulipia huduma.

Katika vijiji, njia za kampuni zilichaguliwa vizuri, ingawa muda uliotengwa haukulingana na thamani ya kila kimoja. Greve ina uwanja wa pembetatu wenye baraza pande zake, na sanamu ya baharia Giovanni da Verrazzano, aliyeingia ghuba ya New York mwaka 1524. Unakunywa kahawa, unajaza maji, unaondoka. Monteriggioni, iliyo upande wa magharibi, inapendeza zaidi kwa mbali kuliko kwa karibu. Ukuta wake wenye minara 14, uliojengwa na Siena kuanzia miaka ya 1210, ulimvutia hata mshairi Dante akautaja katika shairi lake kuu, lakini ndani yake ni kijiji kidogo sana kinachopokea mabasi makubwa ya watalii. Njia iliyotolewa inakusimamisha hapo kwa chakula cha mchana, na nafikiri kituo hicho kingehamishiwa kwingine.

Castellina inastahili muda zaidi. Chini ya nyumba zake, ukifuata ukuta wa kale, kuna njia iliyofunikwa iitwayo Via delle Volte, yenye madirisha madogo yanayotazama mizabibu, na ubaridi wake saa nane mchana ni tiba. Ukitembea hatua chache nje ya mji kuna kaburi la Waetruski, watu waliokaa hapa kabla ya Warumi, liitwalo Montecalvario, kilima cha duara chenye vyumba vinavyoelekea pande nne, ambacho ni cha zamani kuliko Roma ya Kaisari kwa karne nyingi. Kijitabu cha kampuni hakikulitaja kabisa. Radda nayo ina jumba la wakuu wake wa zamani, uso wake umejaa nembo za mawe za waliowahi kutawala hapo.

Lakini kijiji kilichonishika ni Volpaia, juu ya Radda, zaidi ya mita 600. Kinafikiwa kwa barabara nyembamba inayopanda msituni na kuishia karibu mlangoni mwake, hivyo magari ni machache. Kwa nje ni ngome ndogo ya enzi za kati yenye kanisa, mnara na nyumba chache zilizoshikana. Kwa ndani ni kiwanda cha mvinyo: mapipa yamewekwa katika makanisa ya zamani na chini ya nyumba, na mvinyo husafiri kutoka jengo hadi jengo kwa mabomba yaliyozikwa chini ya mawe ya vichochoro, ili uso wa kijiji usiguswe. Unaweza kukaa kwenye benchi uwanjani, baiskeli imeegemea ukuta, usijue kwamba chini ya viatu vyako kazi inaendelea. Njia ya kampuni iliipa Volpaia nafasi ya hiari, mchepuko kwa wanaojisikia na nguvu. Ingekuwa juu yangu, siku nzima ingezunguka kijiji hicho.

Tukija kwenye mvinyo, hapa ndipo mpangilio wa ziara ulipopotoka. Kifurushi kilijumuisha kuonja mara moja, na saa iliyowekwa ilikuwa adhuhuri, kwenye shamba lililo chini ya mwinuko mkali, kilomita zaidi ya 30 zikiwa bado mbele. Glasi nne ziliwekwa mezani, pamoja na mkate na mafuta ya zeituni. Mtu anaweza kuonja na kutema, na chombo cha kutemea kipo, wala hakuna anayekushangaa ukikitumia. Lakini kuuza kuonja mvinyo na kisha kumrudisha mteja kwenye mteremko wenye kona kali ni upangaji usiofikiriwa. Sheria ya Italia huweka kikomo cha gramu 0.5 za pombe kwa lita moja ya damu, na mwendesha baiskeli hakusamehewa. Jambo la busara ni kuonja jioni, katika kijiji utakacholala, baada ya kuoga, ukiwa na miguu yako miwili tu ya kukufikisha kitandani. Niliomba kubadilishiwa siku, nikajibiwa kwamba shamba limekwisha kupangiwa.

Maelezo ya shambani, kwa upande mwingine, yalikuwa ya kiwango cha juu, na yalinisaidia kuisoma barabara. Mpaka wa eneo hili la mvinyo uliwekwa kwa amri ya Cosimo III de' Medici, Mtawala Mkuu wa Tuscany (mkoa ulimo Chianti), mwaka 1716, mojawapo ya amri za mwanzo kabisa duniani za kulinda jina la mvinyo kwa mahali unakotoka. Ngome ya Brolio iko mikononi mwa ukoo wa Ricasoli tangu 1141, na Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia baada ya Cavour, yule wa kwanza, ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu uliokuja kuwa msingi wa mvinyo wa Chianti. Leo kanuni za Chianti Classico zinataka angalau asilimia 80 ya zabibu aina ya Sangiovese, na zabibu nyeupe zimeondolewa kabisa tangu 2006. Mwendesha baiskeli huona mengine kwa macho yake: udongo kando ya barabara hubadilika kadiri unavyopanda, kutoka mfinyanzi wa chini hadi tabaka za mawe yanayomeguka yaitwayo galestro na mawe magumu ya chokaa yaitwayo alberese, na mizabibu hukoma pale mwinuko na baridi vinapoupa msitu nafasi. Katika gari hayo yote hupita dirishani.

Asiyekunywa pombe hapaswi kuiona ziara hii kuwa si yake. Mafuta ya zeituni huonjwa kwa uzito ule ule kama mvinyo, na mizeituni yenyewe ina la kusema: baridi kali ya Januari 1985 iliua miti mingi sana ya Tuscany, na mingi unayoiona leo ni machipukizi yaliyoota kutoka visiki vya zamani, ndiyo maana mzeituni mmoja mara nyingi una mashina mawili au matatu. Muulize mwenye kampuni kama kuonja mvinyo kunaweza kubadilishwa kuwa kuonja mafuta. Nilikoonja mimi lilikuwa jambo la kawaida, ila kwenye kifurushi halikuandikwa.

Malazi ndiyo sehemu niliyokuwa na malalamiko machache kuliko zote. Tulilala zaidi katika nyumba za shambani, zile za mawe zilizokuwa za wakulima waliogawana mazao nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Mfumo huo ulidumu Tuscany kwa karne nyingi. Sheria ya 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kukimbilia mijini, na nyumba nyingi zikabaki magofu hadi zilipofufuliwa kwa wageni. Vyumba vilikuwa safi, baiskeli zilifungiwa ghalani na si barazani, na mizigo ilitangulia kufika kila siku bila kukosa. Kiamshakinywa kilikuwa na mkate, jibini, mayai na matunda ya kutosha mtu anayekwenda kupanda vilima. Angalia hata hivyo mambo mawili ya fedha: kodi ya watalii hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na hulipwa papo hapo, nje ya bei ya kifurushi, na chakula cha jioni katika nyumba iliyo mbali na kijiji hukubidi ukile hapo hapo kwa bei yao, isipokuwa uwe tayari kupanda tena gizani.

Chakula cha mchana kina masharti yake. Majiko ya mikahawa mingi hufungwa saa nane na nusu mchana au kabla, na maduka madogo hufungwa pia adhuhuri, kwa hiyo aliyechelewa kwenye mwinuko atakuta milango imefungwa na kijiji kimelala. Kijitabu kilipaswa kulisema hilo kwa herufi kubwa. Maji hupatikana kwenye bomba za uwanjani vijijini. Palipoandikwa "non potabile" usinywe.

Barabara kuu ya SR222, inayoitwa Chiantigiana, hupita Greve, Panzano na Castellina, na ni nzuri asubuhi na mapema. Jumamosi na Jumapili hujaa pikipiki zinazoshindana kwenye kona, na njia za kampuni ziliwaweka wateja humo Jumapili saa tano asubuhi, bila ulazima, kwa kuwa njia za pembeni zipo. Madereva kwa jumla walikuwa na subira. Hofu yangu ilikuwa juu ya pikipiki tu.

Siku ya mwisho inaingia Siena kwa njia ya mashindano ya Strade Bianche, kupitia Via Santa Caterina, kichochoro cha mawe chenye mwinuko unaofika asilimia 16, kisha kona mbili tatu hadi uwanja wa Piazza del Campo. Machi hufungwa kwa mashindano. Siku nyingine zote hujaa watembea kwa miguu, na mwenye busara atashuka na kusukuma baiskeli. Nilishuka. Kupokelewa kulikuwa kwa mpangilio: mfanyakazi wa kampuni alikuwa akisubiri nje ya kuta, alikagua baiskeli kwa dakika chache, na dhamana ikarudishwa bila makato. Njia ya reli haipiti Greve, Radda, Castellina wala Gaiole, kwa hiyo kumalizia Siena, penye treni za kwenda Firenze, ni uamuzi mzuri wa mpangaji.

Kwa ujumla naipa huduma hii alama tatu na nusu kati ya tano; nusu iliyoongezeka ni ya fundi. Ningeipendekeza kwa mtu anayeendesha baiskeli mara kwa mara nyumbani, anayeweza kupanda vilima kwa saa nne bila kuhitaji kuokolewa, na ambaye hataki kubeba mizigo wala kutafuta vyumba. Kwa anayeanza tu, bora atafute ziara yenye kiongozi na gari, au akodi baiskeli yenye mota, ambazo kampuni nayo inazo kwa malipo ya ziada. Mei na Septemba ni miezi inayofaa. Julai na Agosti joto huifanya miinuko isiyo na kivuli kuwa adhabu, na kuanzia Septemba trekta za mavuno huacha matope na zabibu zilizopondeka barabarani, hasa kwenye kona karibu na mageti ya mashamba. Mwishoni mwa wiki ile ya L'Eroica vyumba vya Gaiole na Radda huwa vimekwisha mapema sana, hivyo anayetaka kuendesha Oktoba achague tarehe za baadaye kidogo, na aulize kwanza kama matairi ya milimita 32 yatakuwa yamefungwa.